Hori la Mama Ukutani

Tarehe 11 Februari

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hapa tu wazima. Wifi yako mgongo umepoa, na mimi kile kikohozi cha unga kimeniacha. Goti lako linasemaje na hiyo baridi yenu? Naandika kwa kalamu kama ulivyoamuru, maana ulisema simu hukatika kabla hujamaliza kugomba.

Nina habari njema. Duka la mikate la Mama limezaliwa upya! Lile tanuri la matofali lililotutoa machozi tangu utotoni tumelibomoa. Sasa kuna oveni ya umeme yenye mlango wa kioo, na mashine ya kukandia inayozunguka yenyewe huku mtu amekaa anakunywa chai. Hamira inakuja kwenye pakiti. Unakata kona, unamwaga, na kabla hujamaliza kufagia unga umeshaumuka. Siamki tena kabla ya jogoo. Nalala kama watu.

Lakini usidhani nimemsahau Mama. Lile hori lake la mbao, la kukandia, nililiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikalipiga msasa mpaka uchafu wa miaka yote ukatoka, kisha nikalipaka vanishi, nikarudia, nikarudia tena. Dada, linang'aa kama kabati jipya. Nimelitundika ukutani juu ya kaunta na kuliwekea taa yake ndogo, na fundi wa mabango ameandika chini yake: HORI LA MAMA. Wateja wanapiga nalo picha.

Na lile donge la chachu, lile alilokuwa akilibakiza kila siku kwenye kona ya hori ili liumue unga wa kesho, nalo sikulitupa. Siku ya ufunguzi tuliliingiza lote kwenye mikate ya wageni, ili kila mtu ale baraka ya Mama. Watu walilamba vidole. Mwashi, yule mteja wetu wa tangu enzi za Mama, alitoa machozi.

Jemadari wangu, usinigombeze kwa kuchelewa kuandika.

Mdogo wako


Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nimeziona. Goti linauma, baridi ipo, mimi mzima. Hayo yanatosha.

Umemla Mama.

Sentensi hiyo niliiandika asubuhi nikaiacha mezani, nikidhani jioni nitaifuta. Jioni nimeisoma tena, naiacha ilivyo. Mlikaa kwenye viti vya kukodi, mkapiga makofi, mkamla na soda. Hata kitonge hukubakiza! Kila mkate uliotoka kwenye lile tanuri ulikuwa na mkate wa jana ndani yake, na wa jana ulikuwa na wa juzi, mpaka kule tulikotoka, mpaka mikononi mwa mama yake Mama. Wewe umekata yote hayo kwa hotuba ya ufunguzi.

"Uchafu wa miaka yote," umesema. Ule uchafu ndio uliokuwa hai! Unadhani kwa nini Mama hakuliosha hori hata siku moja? Alikuwa mvivu, yule mwanamke aliyekuwa akifagia mpaka barabara ya serikali mbele ya duka? Alilikwangua kwa kipande cha bati, basi, kwa sababu chachu ilikuwa imejificha kwenye nyufa za mbao. Donge lingeharibika, mbao zingelifufua. Wewe umezimwagia maji ya moto, umezisugua, umeziziba pumzi kwa vanishi, kisha umewasha taa ili watu waone vizuri.

Nitakuambia jambo ambalo hulikumbuki, maana siku ile ulikuwa mgongoni unanyonya kidole. Tulipokimbia, kila mtu alibeba alichoona ni mali. Baba mdogo alibeba redio. Jirani yetu mshona nguo alijishonea dhahabu kwenye upindo wa sketi. Mama alifunga donge la chachu kwenye kitambaa, akaliweka tumboni chini ya gauni ili lipate joto. Kwenye kizuizi, wale wenye bunduki walichukua redio. Walichana upindo. Kisha wakamwambia Mama afungue kitambaa. Mmoja akachovya kidole, akanusa, akacheka mpaka akaegemea gari.

"Mama, hii ndiyo mali yako?"

Mama akamjibu, "Ndiyo. Na ina njaa, tupishe."

Wakatupisha.

Wale hawakuiona kuwa ni mali, ndiyo maana ikapona. Wewe umeiona kuwa ni mali ya kutundika, ikafa.

Sasa iliyobaki duniani ni hii iliyo kwenye chupa yangu, hapa dirishani, juu ya chuma cha kupasha joto chumba. Aliyonipa Mama siku niliyoondoka. Nailisha kila asubuhi kijiko cha unga na maji kidogo. Usiniandikie mpaka aibu ikupate.

Dada yako


Tarehe 22 Machi

Dada,

Hujambo. Sisi hatujambo, tena sana.

Aibu haijanipata, kwa hiyo naandika kabla ya wakati. Barua yako wifi yako aliisoma kwanza. Akaingia jikoni, akafunga mlango. Hongera.

Wewe una chupa. Mimi nilikuwa na magunia. Unaijua tofauti? Wewe unalisha kijiko asubuhi, kisha unakaa dirishani unamkumbuka Mama. Mimi nilimkumbuka kwa mgongo. Nimekanda unga wa mtaa mzima tangu ndevu hazijaota, na leo vidole vyangu havifungi vifungo vya shati. Anayenifunga ni mke wangu, kama mtoto wa chekechea. Hilo hujawahi kuuliza. Unauliza hali ya chachu, kana kwamba mimi ni mtumishi wa donge.

Mama alipougua, nani alimgeuza kitandani? Nani alimwogesha? Najua, karatasi zako za kusafiria hazikutoka. Kwa karatasi sikulaumu. Nakulaumu kwa maagizo. Hata siku ya mazishi ulituma ujumbe: "Mmeilisha chachu?" Nilikuwa bado na udongo kwenye viatu, Dada.

Unga uliochacha ni unga uliochacha. Hamira ni kitu hicho hicho, ila imetiwa kwenye pakiti na watu waliosoma. Mama hakuwa donge. Mama alikuwa mtu, na mara ya mwisho aliponishika mkono alisema, "Pumzika sasa, mwanangu." Nimepumzika. Kama kupumzika ni kosa, nigombeze mpaka wino uishe.

Mdogo wako


Tarehe 14 Juni

Dada,

Salamu. Natumaini goti limepoa, kwa kuwa jua sasa limewafikia na ninyi. Sisi tupo.

Hukujibu, nami nilikuwa nimeapa sitaandika. Lakini wiki hii Mwashi ameingia dukani na mkate wangu kwapani, akaubwaga juu ya kaunta mbele ya watu.

"Asubuhi ni sifongo," akasema. "Mchana ni sifongo kavu. Kesho yake najengea."

Nikamwambia, "Mzee, si mkate ule ule?"

"Ule ule? Ule wa mama yako ulikuwa unanifikisha saa kumi niko juu ya jukwaa la ujenzi, sijateremka. Huu nikimaliza kuumeza tumbo linaniuliza, haya, tunaanza kula saa ngapi?"

Watu wakacheka. Mke wangu naye alicheka, nilimwona kwenye kioo cha oveni.

Huyo angalau alisema. Wengine wanapita upande wa pili wa barabara wakijifanya hawanioni, wanaingia kwenye lile duka kubwa linalouza mkate kama wangu, tena umeshakatwa vipande. Nasimama chini ya hori linalong'aa, na chini ya hori hakuna mtu. Wanaokuja kupiga picha hawanunui kitu.

Sisemi kwamba ulikuwa sahihi. Nasema nitumie kipande. Mama alikuwa akisema chachu ikipakwa juu ya karatasi ikakauka, inasafiri hata kwenye bahasha. Kwako ni kazi ya siku moja.

Mdogo wako


Tarehe 1 Julai

Mdogo wangu,

Mimi mzima, na jua ulilolitaja bado nalisubiri. Habari za vidole vyako zimeniuma. Hukuniambia, kisha ukanilaumu kwa kutokuuliza. Lakini pole, tena pole ya kweli. Mwambie wifi yangu anisamehe kwa ule mlango aliofunga.

Kipande sitatuma.

"Kwako ni kazi ya siku moja." Hapo ndipo uliponiwasha upya. Nikutumie Mama kwenye bahasha kwa sababu wateja wamevuka barabara? Wakirudi utafanya nini, utampaka vanishi tena? Unaitaka chachu na unataka pia kulala kama watu. Chagua moja.

Acha nikuambie nilivyoishi huku, maana nawe hujawahi kuuliza. Nimefua mashuka ya hospitali mpaka nikastaafu. Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ardhi, na jina langu hakuna aliyehangaika kulijifunza. Niliitwa "yule wa chini". Wenzangu niliokuja nao walinunua magari, wakajenga, wakaja kunitembelea na manukato yao. Wakatazama chumba changu, kitanda, meza, vitabu vyangu vya mitumba, wakaniuliza kwa huruma, "Na wewe umepata nini?" Nilikuwa na kitu dirishani kinachopumua, kinachonijua mkono. Kila niliporudi kutoka kwenye mvuke na harufu za wagonjwa, ndicho pekee kilichokuwa kikinisubiri. Hicho ndicho unachotaka nikikabidhi kwa posta, kimfikie mtu aliyeshakila mara moja.

Ukiitaka, ianzishe. Unga, maji, na mtu wa kuamka. Huyo wa kwanza kabisa katika ukoo wetu hakuikuta sokoni.

Dada yako


Tarehe 2 Novemba

Jemadari,

Wifi yako anakusalimu. Mimi bado sijaamua.

Barua yako niliikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Pale ilinifaa zaidi. Kisha nikachukua chupa ya jamu, nikatia unga na maji, kwa hasira tupu, ili nikuandikie kwamba haiwezekani. Mwanzoni kimya. Halafu ikatoa harufu ya soksi za Mwashi. Nikamwaga. Nikaanza tena, ikaota ukungu wa rangi ya waridi. Nikamwaga. Nikaanza tena, ikavimba vizuri, nikamwita mke wangu, tukasimama tumeshikana mikono kama wajinga wawili. Kesho yake ikawa uji.

Kila nilipomwaga nilikutukana kwa sauti, na kila nilipomaliza kukutukana nilijikuta napima unga mwingine. Mke wangu alisema, "Mume wangu, unapika chachu au unapigana na dada yako?" Nikamwambia zote mbili. Bila hasira ningeacha mapema.

Nimerudi kuamka kabla ya jogoo. Kukanda vidole havitaki, inakanda mashine, na kuhusu mashine usiniambie lolote. Lakini kulisha nalisha mwenyewe. Asubuhi moja nikakuta povu. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Nikanusa: tufaha lililoiva kupita kiasi. Sikumwambia mtu. Niliogopa, Dada, sijui kama nimewahi kuogopa hivyo kwa sababu ya unga.

Leo mkate umetoka. Ganda gumu, ndani matundu makubwa na madogo. Mwashi ameula amesimama, amefumba macho.

"Si wa mama yako," akasema.

Nikanywea.

"Lakini leo siteremki jukwaani mapema. Nipe wa pili."

Si wa Mama. Huu una ukali zaidi, labda kwa yale matusi. Ni wangu. Hori nimelishusha, nimekwangua vanishi yote kwa kipande cha bati, sasa linafanana na mtu aliyenyolewa na adui yake, na unga unapumzika humo. Taa yake nimeihamishia chooni.

Kwa hiyo kaa na chupa yako. Siihitaji tena.

Mdogo wako


Tarehe 20 Januari

Dada,

U mzima? Niliandika Novemba, hukujibu. Nikaandika tena Desemba, mistari miwili, hukujibu. Napiga simu, inaita mpaka inakata. Kama umekasirika, sawa. Hasira yako naijua, tumekua nayo nyumba moja. Kimya chako sikijui. Nigombeze hata kwa mstari mmoja.

Mdogo wako


Tarehe 13 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwangu nikiwa nimekaa, maana kusimama bado kunaombewa ruhusa. Nilianguka kwenye ngazi za jengo letu, nyonga ikavunjika. Nililazwa muda mrefu, nikilalia mashuka yaliyofuliwa vibaya. Simu ilibaki nyumbani. Barua zako nimezikuta nyuma ya mlango, na ile ya Novemba nimeisoma mpaka karatasi imelegea.

Nisikilize hili mpaka mwisho, usinikatize. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa na ufunguo wangu. Ni mwanamke mwema. Alikuja kuniona hospitali na supu wakati wenye manukato hawakuonekana. Siku niliyokaribia kutoka alipanda kunisafishia, nirudi mahali pazuri. Akapiga deki, akafuta vioo, akapanga vikombe kwa ukubwa. Dirishani akakuta chupa yenye kitu cha kijivu, kina maji meusi juu. Akakimwaga. Akaiosha chupa kwa maji ya moto na sabuni, akaisugua mpaka ikang'aa, akairudisha palepale, akatia maua.

Alinifungulia mlango mwenyewe. Akasimama kando ya dirisha anatabasamu, anangoja niseme.

Nikasema ahsante. Ahsante, mdogo wangu! Nikanywa na chai yake. Alipoteremka niliyatupa yale maua, nikagomba peke yangu mpaka mzee wa chumba cha pili akagonga ukuta. Nilimgomba yeye, nikaigomba nyonga, nikamgomba Mama kwa kunipa kitu kinachokufa. Kisha nikaishiwa watu. Nikaitoa barua yako ya kwanza, ile ya hori linalong'aa kama kabati jipya, na safari hii nikakuona na msasa wako mkononi, unatabasamu, unangoja niseme.

Bado nina hasira nawe. Usijidanganye kwamba nyonga imenilainisha. Na nina hasira na mimi mwenyewe, yule wa dirishani aliyekumbatia chupa mwezi wa saba. Angekuwa na mkono mwepesi, leo ya Mama ingekuwa hai kwako.

Kuomba sikujui, naagiza kama ulivyozoea. Ile yako yenye ukali. Ipake nyembamba juu ya karatasi safi, ikauke kivulini, si juani. Ivunjevunje. Tumia bahasha mbili.

Dada yako


Tarehe 1 Machi

Dada,

Pole ya nyonga. Wifi yako amelia, mimi nimegomba. Miezi hospitali bila kumwambia mtu! Hakukuwa na muuguzi hata mmoja mwenye kalamu? Nilikuwa nimeshakuzika na kukufufua, na kila nilipokufufua nilikuta bado nimekununia.

"Kivulini, si juani." Unanifundisha mimi? Imekauka juu ya friji, juu ya karatasi ya kuokea, na mke wangu alikuwa akiifukuzia nzi kama mtoto mchanga. Bahasha ni tatu, nikuoneshe.

Sasa maagizo yangu, usome ukiwa umekaa. Ikifika, iloweshe kwenye maji ya uvuguvugu, na unga kidogo tu, usiivimbishe tumbo. Siku za kwanza haitafanya kitu. Usiitukane mapema. Kisha ilishe kila asubuhi, si ukikumbuka. Ikiharibika, mwaga, sema, nitatuma nyingine. Huku inakua kila siku, siwezi kuimaliza hata nikitaka. Nusu yake mpe jirani yako wa chini. Umwambie ni kitu hai, umfundishe kuilisha kabla hajakuoshea chupa nyingine. Mimi nimempa mke wa Mwashi, na nimempa hata kijana wa lile duka kubwa ng'ambo, wifi yako akaniuliza kama nina homa. Nimemwambia, yangu ikifa nitajua pa kubisha hodi.

Hori limeanza kuwa chafu tena. Kwenye nyufa kuna weupe.

Msamaha sijakutumia. Nikiuona nitauweka kwenye bahasha ya nne.

Mistari hii naimalizia nimesimama kwenye kaunta ya posta. Karani ameitikisa bahasha, amesikia inachakarisha, akanitaka nifungue. Amechukua kipande, amenusa, amekunja uso, amemwita mwenzake naye anuse. Wamecheka wote wawili. Foleni nyuma yangu imeanza kunung'unika.

"Mzee," ananiambia, "hapa kwenye fomu nakuandikia mali gani?"

Nimemwambia, "Andika unga. Na una njaa, tupishe."

Ametupisha.

Mdogo wako